Mume wa Zahanati

Shemeji yangu Basili ndiye mwanamume pekee ninayemfahamu aliyewahi kuonywa na nesi apunguze kuzaa, ilhali hana mtoto hata mmoja. Mke pia hana. Aliyekuwa naye, Eva, alipanda lori la vitunguu lililokuwa linakwenda Singida, akakaa mbele na dereva, na mpaka leo hajashuka. Basili alibaki na nyumba ya bati, shamba la maharage, mbuzi wachache na moyo wa kukubali kila anachoambiwa. Moyo huo ndio uliomponza.

Haya siyasemi kwa kusikia. Mume wangu Patriki ni kaka yake mkubwa, na siku za kliniki mimi huuza chai na chapati kwenye kibanda kilicho mkabala na zahanati yetu, huku juu, ukishapita Endasak ukaendelea kupanda. Anayeingia zahanati lazima apite mbele ya birika langu, na anayetoka vilevile. Wananiamkia, "Shikamoo mama Modest," nawaitikia marahaba, na tayari nimeshaona nani kaja na nani.

Kabla ya mambo haya Basili alikuwa na kazi moja iliyojulikana, nayo ni kushika nafasi ya mtu. Kijijini kwetu ukiitwa msaragambo, tuseme kuchimba mtaro wa maji au kubeba mawe ya shule, na wewe una shughuli zako, unaruhusiwa kumtuma mwingine. Akifika na jembe, jina lako linasomwa, yeye anaitikia, na siku inahesabiwa yako. Hakuna anayeuliza jasho ni la nani. Basili amechimba mitaro ya nusu ya kijiji kwa sahani ya makande. Amekwenda kuposa kwa niaba ya watu. Amelia kwenye misiba ya marehemu ambao hakuwahi kuwaona, kwa sababu mwenye msiba wake alikuwa mnadani Katesh.

Sasa mwenyekiti wetu wa kijiji anaitwa Maximilian. Ni mtu mrefu, wa koti la kaki na kalamu mbili mfukoni, anayependa kutunga sheria kuliko anavyopenda kula. Ametunga sheria ndogo ya mbwa, ameitunga ya kuanika mahindi barabarani, na nusura atunge ya kupiga mluzi karibu na ofisi yake. Mwaka juzi aliitwa semina Katesh, semina ya kuzuia magonjwa ya zinaa. Akarudi na fulana yenye maandishi kifuani na sheria mpya kichwani.

Semina yenyewe nadhani ilikuwa nzuri. Tulivyosimuliwa baadaye, madaktari walisema watu wapimwe mapema, mama mjamzito aje na mwenza wake, wote wawili watibiwe pamoja, na kondomu zipatikane bila mtu kuulizwa maswali. Maximilian aliyasikia yote hayo akayageuza faini. Mwanamume ambaye mkewe ana mimba na hafiki naye kliniki, mbuzi. Atakayemdanganya mhudumu wa afya, mbuzi. Atakayetibiwa, kisha akamrudishia mkewe ugonjwa, dume la ng'ombe. Mkutano wa kijiji ukapiga makofi mpaka vumbi likatimka, maana nyama ya faini kwetu huliwa na wazee wa baraza. Kila mwanamume pale alijiona mla nyama, hakuna aliyejiona mwenye mbuzi.

Kondomu nazo hakuzisahau. Boksi zima liliwekwa ofisi ya kijiji, ndani ya kabati lenye kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwake kando ya zile kalamu. Anayehitaji aje saa za kazi, abishe hodi, aeleze shida yake mbele ya wajumbe. Sijapata kusikia mtu aliyekwenda kueleza. Panya ndio waliolifungua boksi lile, nao waliingia kwa nyuma.

Siku ya kliniki ikafika. Jirani yetu Tluway alimtazama mkewe Lucia, aliyekuwa na tumbo la miezi minne, akamtazama mbuzi wake, kisha akamtuma Basili.

"Lakini shemeji," nilimwambia Basili alipopita kibandani na shati lake la Jumapili, Lucia akitangulia mbele kwa aibu, "pale wanapima damu. Damu yako itasema nini kuhusu Tluway?"

"Si wanataka mwanamume afike, shemeji? Mimi ni mwanamume. Jina likisomwa, naitikia."

Na msidhani ni yeye peke yake aliyefikiri hivyo. Wanaume walikaa kwenye benchi langu, chai yangu mikononi, wakaelezana kwa sura za watu wenye akili timamu kwamba sheria imesema mwanamume afike, na mwanamume amefika, basi. Kama mtaro unachimbika kwa mkono wa Basili, kidole kitashindwaje kutobolewa kwa niaba? Niliwauliza kama na chakula huwa anakula Basili wakashiba wao. Wakaniambia mama Modest mimina chai.

Nesi wetu alikuwa mgeni, na hilo ndilo lililowaokoa. Anaitwa Mectilda, alihamishiwa kwetu kutoka Kagera, mchapakazi, mwepesi wa kufoka. Huko alikotoka kuna mtu alimwambia kwamba wanaume wa Hanang huoa wake wengi. Hakuambiwa ni akina nani wanaooa hivyo na akina nani hawaoi, wala kwamba sisi wa huku mlimani ni watu wa kanisa na mke mmoja anatosha kumshinda mtu. Kwa hiyo Basili alipofika na Lucia, halafu na mke wa mwingine, halafu na wa mwingine tena, Mectilda hakushangaa. Alikasirika tu. Majina ya waume yalisomwa nje na mjumbe wa kijiji mwenye daftari la mahudhurio, Basili akayaitikia yote, na ndani nesi alimjua kwa jina lake mwenyewe.

"Shikamoo baba," alimwambia siku ya mke wa tano, kwa adabu kamili, halafu adabu ikaishia hapo. "Hivi huna huruma? Wanawake watano, mimba tano, mwaka mmoja! Huna kazi nyingine ya kufanya?"

"Ninayo, nesi. Nalima maharage."

"Basi ungekuwa unalala hukohuko shambani!"

Benchi zima la wajawazito lilifunika midomo kwa kanga. Mimi nilimwaga chai. Basili alitoka pale kichwa juu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa anafurahi. Mtu ambaye katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwita baba, sasa aliitwa baba kila kliniki, tena kwa kufokewa, kama baba wa kweli. Akaanza kuwabebea wale wanawake vikapu. Akajua nani anavimba miguu na nani anatapika akisikia harufu ya mafuta ya taa. Lucia aliniambia kwamba Tluway hajawahi kumuuliza kuhusu miguu yake tangu amwoe, na kwamba Basili aliuliza kabla hawajafika kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Damu ya Basili ilipimwa mpaka ikachoka kupimwa, na kila mara ilikuwa safi. Wanaume wakagongeana vikombe vya pombe jioni wakisema, "Tumepimwa, tuko salama." Wote walikuwa salama kwa damu ya mtu asiyeguswa na mwanamke tangu lile lori la vitunguu. Wilayani takwimu za daftari lile zikasomwa, ikaonekana kijiji chetu kinaongoza, wanaume wote wanafika kliniki bila kukosa. Maximilian akaanza kutembea kwa mwendo wa mtu anayesubiri cheti.

Halafu ikafika zamu ya Fransiska, na hapo kicheko kikaanza kunikwama.

Fransiska ni mke wa Maximilian. Ndiyo, wa huyohuyo mwenyekiti, aliyemwoa baada ya kufiwa na mke wa kwanza. Ni binti wa Mbulu, mpole, mdogo kuliko baadhi ya watoto wangu. Mwaka uliotangulia alibeba mimba ikafika miezi minane, mtoto akatoka amekufa. Mimi ndiye niliyemwogesha yule mtoto. Tulimzika nyuma ya nyumba, na Maximilian alisema ni mapenzi ya Mungu, akaenda mnadani. Minada ya Katesh hakuwahi kuikosa, wala hakuwahi kurudi siku hiyohiyo. Alilala huko, na wote tulijua halali peke yake.

Sasa alikuwa na mimba nyingine. Maximilian aliyeitunga sheria, aliyeisoma kwa sauti mbele ya kijiji, alimtuma Basili.

Siku hiyo walikaa ndani muda mrefu. Walipotoka, Fransiska alikuja moja kwa moja nyuma ya kibanda changu akachutama chini, analia bila sauti. Basili alisimama. Nilimwambia akae, akasema hawezi.

"Ni kaswende, mama," Fransiska aliniambia. "Nesi anasema huenda ndiyo iliyomuua yule wa kwanza tumboni. Anasema inatibika kabisa, ni sindano tu, nami amenichoma. Lakini mume lazima naye achomwe. Asipochomwa atanirudishia, na huyu naye atakufa."

"Na mume?"

Akamnyooshea Basili kidole. Mectilda alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Kipimo cha Basili kilikuwa safi kama kawaida, lakini mwenza wa mgonjwa hutibiwa hata kama kipimo chake ni safi, ndivyo taratibu zinavyosema. Basi alimchoma penisilini, kila upande sindano yake, dawa nzito inayoingia taratibu huku mtu anahesabu nyufa za ukuta. Hakuna sindano iliyopigwa kwa uangalifu zaidi ya ile, wala isiyo na faida kuliko ile.

Kesho yake Fransiska akanieleza jinsi alivyozungumza na mumewe wakati wa chakula. Alimwambia nesi amesema mume achomwe. Maximilian akauliza, "Kwani hajachomwa?" Akamwambia aliyechomwa ni Basili. Maximilian akaweka kijiko chini, akamweleza taratibu kama anamfundisha mtoto: "Basili nilimtuma mimi. Kwa hiyo nimechomwa mimi."

Mpaka leo sijui kama aliamini alichosema. Nadhani nusu aliamini, na nusu aliogopa kukaa kwenye benchi la wajawazito watu wakajua mwenyekiti ana nini. Nilitaka kwenda kwa Mectilda papo hapo. Fransiska alinishika mkono, akaniambia nikisema tu, Maximilian atamrudisha kwao Mbulu na tumbo lile. Nikamwendea Basili, nikamwambia yeye ndiye aseme.

"Nikisema, shemeji, Tluway na wenzake wote watatozwa mbuzi," akanijibu. "Watanichukia kijiji kizima. Na mimi mwenyewe nimemdanganya nesi."

"Na mtoto wa Fransiska?"

Basili si mtu mbaya. Ni mwoga tu, na woga wake una heshima nyingi. Nilimkasirikia sana siku ile, nikamnyima chapati.

Mvua za masika zikaenda, mahindi yakapita kimo cha mtu. Maximilian akaenda mnadani, akarudi, akaenda tena. Mwezi wa tano Fransiska alikwenda kliniki, Basili nyuma yake na kikapu, na safari hii hatukuhitaji kuambiwa kitu. Sauti ya Mectilda ilipita dirishani, ikapita kibanda changu, naamini ikashuka hadi barabara kuu.

"Nimekutibu! Nimekuchoma mwenyewe kwa mikono yangu! Leo mkeo ana kidonda kipya! Umekitoa wapi, baba? Umekitoa kwa yupi kati ya wale wote?"

Mtu aliyelala peke yake miaka yote ile akafokewa kwa uzinzi, akachomwa tena, kila upande. Niliona ameshika nguzo ya baraza, machozi yanamlengalenga. Alinieleza baadaye kwamba si maumivu yaliyomliza. Fransiska, wakati anachomwa, alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, na alimtazama yeye, Basili, jinsi mtu anavyomtazama mwenye ufunguo wa mlango.

"Mama," Fransiska aliniambia jioni ile, "sitazika tena." Hakulia safari hii.

Mkutano wa kijiji ulikuwa wiki iliyofuata, na haukuwa mkutano wa kawaida. Walikuja wageni kutoka wilayani, daktari mmoja na maofisa wenzake, kukiangalia kijiji cha mfano. Maximilian alivaa ile fulana ndani ya koti, koti likiachwa wazi ili maandishi yasomeke. Alihutubia. Akaisoma sheria yote, kifungu kwa kifungu, akasema kijiji hiki hakina mwanamume mkaidi. Wanaume wakapiga makofi. Daktari naye akapiga.

Mectilda akasimama. Masikini, yeye alikuwa ameichukua sheria yetu kama ilivyo, kwamba ni sheria.

"Naomba kusema," alianza. "Siri ya mgonjwa siwezi kuitoa, na mama mwenyewe simtaji. Lakini sheria yenu inasema anayetibiwa kisha akamrudishia mkewe ugonjwa atozwe dume. Mtu huyo yupo. Ni huyu baba Basili. Mmoja wa wake zake nimemtibu kaswende mara mbili, na mtoto tumboni yuko hatarini kwa sababu ya huyu mtu."

Sijawahi kuona wanaume wengi wakibadilika rangi kwa pamoja. Mmoja wa wake zake! Wa yupi? Tluway alimgeukia Lucia. Wa nyuma yake akamgeukia mkewe. Kila aliyewahi kumtuma Basili alikuwa anahesabu mwenyewe kichwani, na hakuna aliyeweza kuuliza, maana kuuliza ni kukiri. Mtu mmoja tu hakumgeukia yeyote. Maximilian alikuwa anapekuapekua karatasi zake.

"Sheria ni sheria," akasema haraka, bila kuinua macho. "Basili atozwe dume. Tuendelee na ajenda ya barabara."

Basili alikuwa amesimama, maana kukaa bado kulikuwa kunamshinda. Nilitarajia aitikie. Amekuwa akiitikia majina ya watu maisha yake yote. Akakohoa.

"Dume nitatafuta, mwenyekiti," alisema. "Nitauza maharage yote. Lakini sheria uliyosoma inasema dume linatolewa na mume. Nikilitoa mimi, basi mimi ndiye mume, na huyo mke ni wangu. Leo atakwenda kulala kwangu. Na mtoto akizaliwa ni wangu pia."

Halafu akamalizia, kwa upole wake uleule: "Makalio yangu si ya msaragambo, mwenyekiti."

Watu walicheka kwa mshtuko, wakakatiza kicheko, kwa sababu Fransiska alikuwa ameinuka. Aliinuka kutoka katikati ya wanawake, akajifunga kitenge vizuri chini ya tumbo, akavuka uwanja wote hadi alipokuwa Basili, akasimama ubavuni mwake.

"Twende nyumbani, baba," alimwambia.

Wakaanza kuondoka. Walitembea kweli, hawakuigiza, na mimi niliyekaa pale nilijua Fransiska hatarudi nyuma hata akiitwa na malaika. Aliyeita hakuwa malaika.

"Fransiska!" Maximilian alipiga kelele, karatasi zikamwanguka. "Rudi hapa! Wewe ni mke wangu!"

Mectilda alikuwa bado amesimama. Alimtazama mwenyekiti, akamtazama Basili, akamtazama Lucia na wenzake waliokuwa wamejifunika nyuso.

"Mke wa nani?" aliuliza.

Akamgeukia Basili. "Na wale wengine, baba?"

"Sina mke, nesi. Nilikuwa naye mmoja. Yuko Singida."

Mectilda alikaa chini taratibu, akashika kichwa. Alikumbuka, nafikiri, maneno yote aliyokuwa amemwambia yule mtu, na sindano zote nne. Daktari wa wilayani hakukaa. Aliuliza maswali mawili matatu, akapata picha, kisha akamwambia Maximilian kwa sauti ya chini kwamba mambo ya faini yataangaliwa siku nyingine, lakini zahanati iko hapo, dawa ipo, na nesi yupo. Maximilian alitazama kulia na kushoto akitafuta wa kumtuma. Nawaambia kweli, alitafuta, niliyaona macho yake yakipita juu ya watu. Halafu akaenda.

Wanakijiji walimsindikiza hadi mlangoni, kwa heshima ya cheo chake. Zile kelele alizopiga huko ndani sitazieleza, yeye bado ni mwenyekiti. Tulipogeuka kuwaangalia Tluway na wenzake waliokuwa wafuate kwenye foleni, benchi lao lilikuwa tupu na mahindi ya jirani yalikuwa yanatikisika bila upepo. Mectilda aliwafuata nyumba kwa nyumba wiki nzima na begi lake. Ikaonekana wawili kati yao walikuwa na kisonono, na wake zao pia, wale waliokuwa "salama".

Fransiska alilala kwangu mpaka Mectilda aliporidhika kwamba mumewe amepona. Maximilian alikuja mara kadhaa na sukari na sabuni. Nilipokea sukari nikamrudisha yeye. Safari moja alinieleza kwamba amenunua vidonge Katesh na sasa yuko sawa kuliko alivyokuwa mwanzo, nikamwambia akamweleze nesi. Sindano zake alizimaliza zote.

Mwezi wa nane, kwenye baridi ile inayoshuka kutoka mlimani ikakaa ndani ya mifupa, Fransiska alijifungua mtoto wa kike. Nilikuwepo. Alitoka mzima, mwekundu, mwenye hasira, akalia mpaka waliokuwa mashine ya kusaga wakauliza kuna nini. Fransiska alimshika akawa anamhesabu vidole, anamaliza, anaanza upya. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo peke yangu.

Mngedhani yameishia hapo. Wiki ileile baraza likaketi kushughulikia uvunjaji wa sheria, maana wilayani waliuliza kama kuna hatua iliyochukuliwa. Nao wakaisoma sheria kwa makini, mstari kwa mstari, kuliko walivyowahi kuisoma. Waliokwepa kliniki? Hakuna aliyekwepa, wote wameandikwa walifika. Anayetibiwa kisha akarudisha ugonjwa? Maximilian alikuwa hajatibiwa wakati ule, kwa hiyo hawezi kuwa amerudisha. Anayemdanganya mhudumu? Hapo Tluway alisimama akasema wao hawakumdanganya nesi hata neno moja, kwa kuwa hawakuwahi kuonana naye. Aliyeonana naye ni Basili.

Basili akatozwa mbuzi. Katika kijiji chote, mwanamume pekee aliyewahi kutiwa hatiani kwa ile sheria ya magonjwa ya zinaa ni yule ambaye hana ugonjwa na hana mwanamke. Mectilda alikwenda kupinga, akaambiwa mambo ya baraza si ya wageni. Mimi nilikwenda kupinga, nikaambiwa mama Modest lete chai.

Mbuzi alichinjwa Jumamosi, nyuma ya ofisi ya kijiji. Kwetu mtozwa faini hagusi nyama ya faini yake. Kazi yake ni kuleta kuni, kupuliza moto na kugeuza mishikaki ya wenzake. Basili aliifanya kazi hiyo macho yakimtoka machozi ya moshi, huku wazee wakizungumzia bei ya ngano. Maximilian alipewa ini kwenye sahani, kama mwenyekiti. Mimi nilikuwa natafuta cha kusema kitakachowachoma kuliko penisilini.

Sikuwahi kukisema. Fransiska alikuja na mtoto mgongoni. Mwanamke hafiki pale nyama ya baraza inapoliwa, lakini yeye alifika. Hakumwamkia mtu. Alimwendea mumewe, akachukua ile sahani ya ini kutoka mkononi mwake, akampelekea Basili pale motoni.

"Kula, baba," alimwambia.

Basili aliwatazama wazee. "Sheria hairuhusu, mwanangu."

"Huyu mtoto yuko hai kwa sababu ulikataa kuitikia. Kula nikuone."

Alisimama pale mbele yake, hakuondoka. Basili akajipangusa moshi usoni, akachukua kipande, akala. Akachukua kingine. Wazee wote walikuwa wanaangalia. Maximilian alibaki na mikono yenye mafuta hewani, anatafuta pa kuipangusia.